Nyoka wa Pembe wa Kalengera

Butembo, 8 Juni 2025

Yaya Athanasie,

Habari ya Goma? Mutoto wetu Bénie anaendelea namna gani, na bwana yako, shemeji Carlos? Huku mama amepona malaria, ameanza kupika tena. Anawasalimia sana.

Umuambie Carlos: mulimaji mumoja wa Kalengera ameona nyoka wa pembe karibu na muto, yule mwenye bluu na njano mugongoni. Dimanche zote zile mimi na yeye tulizotembea kisha ibada tukitafuta nyoka, huyo hatukumuona hata mara moja. Lakini aningojee. Barabara iliyofungwa na vita ikifunguka nitashuka, twende wawili.

Mudogo wako,
Sikuli

Goma, 29 Juni 2025

Mudogo wangu Sikuli,

Tunamushukuru Mungu kwa afya ya mama. Sisi hapa mutaani Mugunga tuko wazima, ila mashaka hayaishi.

Nilimusomea Carlos barua yako wakati wa kula. Aliacha chakula. Tangu kazi yake ifungwe, sikumuona na furaha kama ile. Nilimuambia akungojee, akaniuliza: "Athanasie, barabara ya Butembo itafunguka lini?" Jana amepanda pikipiki na jirani yetu Lionel kwenda Kalengera. Najua anapiga picha tu, kisha anamuacha nyoka aende zake. Lakini majirani wanasema mutu wa kufuata nyoka ana uchawi anaoficha. Mumuombee.

Yaya yako,
Athanasie

Butembo, 20 Julai 2025

Yaya,

Hamujambo huko? Sijapata neno lolote, na simu haipiti. Carlos alimuona nyoka? Niandikie hata mistari miwili.

Mudogo wako,
Sikuli

Goma, 17 Agosti 2025

Sikuli,

Mama anaendeleaje? Mukalishe kwanza ndipo umuambie.

Carlos tulimuzika. Alimuona nyoka wake asubuhi, katikati ya majani makavu. Lionel anasema alicheka peke yake, akapiga picha, kisha akarudi nyuma kidogo apate mwanga muzuri. Hakujua kuna nyoka mwingine amelala pale. Huyo alimuuma juu ya kisigino. Vijana wa shamba walikuja na panga, na Carlos, amekaa chini, akawaambia: "Musiwaue. Ni mimi nimemukanyaga." Walimupeleka kwenye kituo cha afya, hakukuwa na dawa ya sumu. Walipouliza kwingine, hakukuwa. Alikufa njiani wakimuleta Goma, Lionel akimushika.

Kwenye kilio watu walikuwa wachache. Wanasema nyoka zake zimemurudilia. Hata wamama wa korali yetu ya kanisa hawakufika. Niliimba mwenyewe.

Nimekukasirikia. Wewe ndiye ulimufundisha kupenda nyoka, na ile habari ilitoka kwako. Najua ulisema angojee. Najua, lakini moyo haunisikilizi.

Bénie ananiuliza baba alienda kutafuta nini. Ninamujibu, nyoka. Anauliza: "Kwa nini?" Mimi sikuelewa kamwe. Nilikuwa ninamufungia chakula na kungoja arudi. Wewe unaelewa. Kama njia haipitiki, zungukia Uganda, uje umuambie mutoto kile baba yake alikuwa anakiona katika wanyama wale, kabla majirani hawajamuambia yao.

Sijakusamehe bado. Kuja tu.

Yaya yako,
Athanasie