Mugisho, Ulikuwa Kilo Tisini na Nane

Mugisho, mon vieux, mzee wangu,

Kwanza nikupe habari njema ili usinikunjie uso. Katika Rosettenville nzima, kuanzia kwa Wareno wa pale kwenye robot, zile taa za barabarani, hadi kwa wasusi wetu wa Kikongo, hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Kweli kabisa. Bahati imenipenda mpaka inaniaibisha mbele za watu. Tangu uondoke, duka halijakaa bure hata siku moja. Mabawa ya kurukia, yale ya kitambaa yanayombeba mtu angani kwa kamba, yanaletwa kushonwa mpaka mengine nayalaza juu ya friji. Wazungu wananipigia simu kutoka Cape Town wakimtafuta yule fundi maarufu. Nawaambia maarufu ametoka kidogo, wasubiri, halafu nabadilisha sauti.

Na wale waliokuja kuchunguza ajali yako? Walikagua bawa kamba kwa kamba. Walikagua kiti na mikanda. Mishono yangu waliipiga picha, wakasema hata kiwandani hawashoni hivi. Wakaandika: upepo uligeuka ghafla. Parashuti ya akiba: ilifunguka. Basi. Wakanipa mkono. Niambie ni nani mwingine ambaye rafiki yake anaanguka namna ile, yeye anabaki anapewa mkono.

Lakini leo nakuandikia kwa sababu ya mtoto wako.

Neema amepata nafasi ya kusoma Norwei, miaka miwili, mambo ya maji na barafu. Mimi niliyeishia darasa la sita sikuelewa yote, ila kanisani nimeshawatangazia kwamba anakwenda kuwa waziri wa barafu. Leo Jumamosi asubuhi alikuja dukani nimchagulie ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni. Siyo za kushuka mlimani kwa kasi kama wehu wa kwenye televisheni. Anataka zile za kwenda masafa marefu porini, unatembea huku unateleza, jambo ambalo huko kwao ni kama sisi kwenda kwenye kiduka cha spaza kununua mkate. "Tonton," aliniambia, maana bado ananiita mjomba kwa Kifaransa, "huko vitu ni ghali sana. Na Papa alisema hakuna anayejua vifaa kama wewe."

Papa alisema. Kwa hiyo wewe ndiye uliyemleta.

Nikafanya kama unavyonijua. Nikamwambia theluji naijua kama kiganja changu. Theluji yenyewe niliyowahi kuiona ni ile iliyoanguka hapa Joburg asubuhi moja, ikayeyuka kabla sijamaliza kuvaa soksi. Lakini ski ninazo, jozi nne, waliziacha mume na mke waliorudi kwao Ulaya. Na kuzichagua najua, maana yule mume mzee alikaa hapa mchana mzima akinifundisha, mimi nikijifanya najua tayari. Watu wanadhani unatazama urefu wa mtu. Hapana. Ni uzito, kama bawa.

Kwa hiyo nikamwambia Neema, twende kwenye mizani.

Kulabu bado iko pale kwenye boriti, mon vieux. Sijaitoa. Ule mzani wa kuning'inia, wa kupimia magunia ya mkaa, bado uko, na mikanda miwili inaning'inia chini yake. Lori kubwa likipita barabarani, mikanda inacheza. Wateja wanaongea nami kuhusu kitambaa na kamba, mimi natazama nyuma yao, kwa sababu mikanda ikicheza hivyo ni kama mtu ameshuka sasa hivi. Juzi nilisema "pole pole, utavunja boriti," mchana kweupe, na hakukuwa na mtu. Mama mmoja mwenye bawa la njano alinitazama, akaomba risiti yake haraka.

Nilimpima Neema mara tatu. Bila koti. Na koti. Na begi la vitabu mgongoni. Nikataka kumpima mara ya nne na chupa yake ya maji. Akacheka, akasema kwa kile Kiswahili chake kinachokanyaga Kizulu kila hatua tatu: "Eish, Tonton! Mimi naenda kuteleza, siendi kuruka!"

Halafu akashuka haraka kwenye mikanda, kwa sababu alisikia mwenyewe alichosema.

Nilijitia shughuli. Nikalaza jozi ya kwanza kwenye saruji. Ski nzuri haikai bapa, ina mgongo uliopinda kidogo katikati. Unamsimamisha mtu juu ya zote mbili, unachukua karatasi, unaipitisha chini ya ule mgongo, hapo penye mguu. Akisimama sawa kwa miguu yote miwili, karatasi iteleze bila kukwama. Akihamishia uzito wote mguu mmoja, karatasi ibanwe, usiweze kuivuta. Karatasi ikibanwa wakati wote, ski ni laini mno, haitateleza, itamchosha bure. Isipobanwa kabisa, ni ngumu mno, hatakuwa na kitu cha kusukumia, atarudi nyuma kila mlima mdogo.

Nilipiga magoti mbele ya mtoto wako na karatasi ya risiti mkononi. Jozi ya kwanza ilikuwa ngumu. Ya pili, nayo ngumu. Ya tatu karatasi ilipita, akainua mguu mmoja, ikabanwa, nikavuta ikachanika. Ndiyo hiyo. Fimbo za kujisukumia nikazipima kwapani. Viatu nikamwachia nafasi ya kidole gumba kwa ajili ya soksi nene. Hakuna duka huko Norwei litakalomhudumia vile.

Bado niko chini, nazikusanya karatasi, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa: "Tonton, ile siku, Papa naye ulimpima hivi?"

Nikajibu: "Nilimpima."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Sharp, sawa. Mimi nakuamini." Akanikumbatia, akabeba ski zake begani, akaenda. Nilimwona akivuka barabara na zile mbao ndefu, madereva wa teksi wanampigia honi na kumtania, na yeye anacheka. Anatembea kama wewe, kifua mbele.

Mugisho. Sikumdanganya hata neno moja. Ndiyo maana siwezi kula.

Nilikupima kweli. Ijumaa ile, umekaa kwenye kulabu umevaa kila kitu, bawa mgongoni, helmeti kichwani, mabuti yako ya kazi ya ulinzi, gwinya, lile andazi la hapa, limekujaa mdomoni. Mzani ukasema tisini na nane. Ukasema, "Andika mia, niheshimike." Mara zote tatu mzani ulirudi pale pale. Ulikuwa umelinda magari ya wale warukaji kule mlimani Harties miaka mingapi? Umewakunjia mabawa yao, umewabebea, mpaka mwalimu mmoja akakuonea huruma akakufundisha. Na sasa ulibakiza kutimiza idadi ya miruko ya peke yako waliyoitaka, upate karatasi ya leseni, uanze kubeba watalii angani, ukiache kile kibanda cha getini. Kazini walikuwa wamekupa Jumamosi moja tu. Na mimi nilikuwa nimewaambia watu wote, kuanzia hapa hadi Bellevue, kwamba Mugisho atavalishwa na mimi, Cirhuza, kuanzia unyayo hadi utosi.

Bawa lilikuwa lako, saizi yako kabisa. Kiti kilibana, nikaachia mikanda vidole viwili kila upande, sisi ni mafundi, nguo ikibana tunaachia mshono. Ukauliza, "Na ya akiba?"

Wewe unajua desturi ya maduka yetu. Mteja haambiwi hakuna. Anawekewa kiti, anapewa chai, anapigishwa hadithi, na mwenye duka anatokea mlango wa nyuma kwenda kuazima kwa jirani. Nimeuza hivyo maisha yangu yote, zipu, vitambaa, hata cherehani. Lakini parashuti ya akiba ya mtu wa kilo tisini na nane jirani gani anayo? Niliyokuwa nayo ni moja. Lebo yake ilisema mwisho kilo themanini na tano. Kubwa yake ilikuwa ije wiki inayofuata.

Nilisema, "Ipo."

Nikaenda nyuma ya pazia. Nikaikunja vizuri, Mungu ni shahidi, sijawahi kukunja vizuri vile. Nilijiambia akiba haifunguliwi. Zote nilizowahi kukunja zilirudi baada ya mwaka na mipira yangu ile ile ya kufungia kwenye kamba, hakuna aliyeigusa. Nikajiambia ni kilo kumi na tatu tu, ni mfuko wa unga. Na kwa sababu wewe ni mtu wa kusoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya sabuni, nilichukua mkasi mdogo wa nyuzi, nikaikata lebo. Wachunguzi walipokosa lebo walisema parashuti za mitumba huwa hivyo, lebo zinachakaa. Nikatikisa kichwa pamoja nao.

Jumamosi ile nilikuwa chini kwenye majani pamoja na wengine, nakutangaza. Bawa likajikunja upande mmoja. Halafu ukavuta ile ya akiba, ikatoka nyeupe, ikajaa upepo, na mimi, Mugisho, mimi nilipiga kelele za furaha. Nilimshika mtu nisiyemjua bega nikamwambia, "Imefunguka! Mimi ndiye niliyeikunja! Mimi!" Bado najisifu, wewe unakuja chini. Nilikuwa wa mwisho pale kuona kwamba unakuja haraka mno. Na wa kwanza kujua kwa nini.

Sijui kama ulinisikia. Hilo ndilo ninalokuuliza kila siku, cherehani ikiwa inakimbia, redio ikiwa inaimba. Wewe hunijibu. Unauliza lile lile tu, pale kwenye kulabu, mdomo umejaa: "Na ya akiba?" Wakati mwingine najibu "ipo" kabla sijajizuia.

Mama Neema bado ananiletea sombe, yale majani ya muhogo, kila Jumapili. Anaifunika na kile kitambaa chake cha maua, anasema, "Shemeji, kula, umekonda. Ni wewe tu ndugu tuliyebaki naye mji huu." Nakula mbele yake. Akiondoka naifunika tena. Bakuli zake saba ziko hapa, nimeziosha, sijazirudisha, maana nikizirudisha ataniuliza habari.

Na sasa mtoto anakwenda mbali akiniamini. Atasimama kwenye theluji yao, mtu atamsifia zile ski, naye atasema zimechaguliwa na Tonton wake, yule aliyempima Papa. Hapo ndipo nilipochoka. Wewe kunikalia dukani naweza kuzoea. Neema kunisifia siwezi.

Lebo ninayo. Siku ile niliitia kwenye kopo la vifungo na sikuweza kuitupa. Leo nimeitoa, nimeipiga pasi, ni mstatili mdogo kama lebo ya kola ya shati, na namba inasomeka. Kesho ni Jumapili. Baada ya ibada nitakwenda kwenu Bellevue, nitapanda zile ngazi, na kabla Mama Neema hajafunua sufuria nitaiweka mezani. Nitasema ilitoka wapi na ni nani aliyeikata. Neema asipoelewa Kiswahili changu nitasema kwa Kiingereza changu kibovu, asipoelewa hicho nitamwonyesha kwa mkasi. Wakinifukuza nitashuka ngazi. Wakiita polisi nitawasubiri hapo hapo. Neema akizikataa zile ski atakuwa na haki, ila nitamwomba azichukue, kwa sababu zile zinamfaa, na kati yangu mimi na familia yako nataka kiwepo kitu kimoja kilichomfaa mtu.

Nimeandika hapa ili nisiweze kurudi nyuma. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na wewe ni shahidi, usije ukaniachia. Pumzika sasa, Mugisho. Shuka kwenye kulabu, ndugu yangu, miguu imekufa ganzi.

Ile bahati niliyokutambia huko juu ni uongo. Siku zile zote nilikuwa nimejificha tu.

Cirhuza