Aljebra Shambani kwa Hinrichs

Illinois, 9 Septemba 1986

Bibi mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima na goti limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Baba anakusalimu, ingawa ameniambia nisimtaje, kwa hiyo salamu zake zipokee kimyakimya.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hupatikani. Kila nikipiga, Baba Mdogo Vernon anasema uko bafuni. Bibi, hakuna mtu anayeoga kiasi hicho huko Iowa. Najua umeshasikia, ila nataka ulisikie kutoka kwangu: nimejiandikisha kwenye chuo cha jamii, kile kilichojengwa juu ya shamba lenu. Najua uliapa kwamba hakuna mtu wa damu yako atakayekanyaga pale, tangu bodi ya chuo ilipolichukua shamba kwa nguvu ya sheria na Babu Emil akafa bila kulima tena. Lakini chuo kikuu hatukimudu, hiki kiko karibu na nyumbani, na mimi nataka kuwa muuguzi. Sitaki kukupoteza kwa sababu hiyo. Niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana.

Mjukuu wako,
Rhonda

*

Illinois, 5 Oktoba 1986

Bibi mpendwa,

Hujambo? Baridi imeshaingia huko? Hujanijibu, nami sijakata tamaa. Ukaidi wenyewe nimeurithi kwako.

Nitakueleza mahali palivyo, na usipotaka kusoma mpe Vernon. Ni pakubwa kama mji, ila mji ambao hakuna anayelala. Hakuna mabweni. Kila mtu huja na gari, husoma, huondoka. Kupata nafasi ya kuegesha ni vita. Ukitoka darasani, gari linakufuata nyuma polepole mpaka ufike kwenye lako, dereva amekukodolea macho asipitwe na nafasi yako. Juzi bwana mmoja alinifuata hivyo, akateremsha kioo. "Binti, unaondoka au unatembea tu kupunguza mwili?" Nikamwambia nimesahau kitabu garini na narudi ndani. Alinuna kama mtoto. Nilipoingia kwenye aljebra nikamkuta kakaa kiti cha jirani yangu. Anaitwa Walt Dombrowski, umri wake ni wa Baba, kiwanda cha mabehewa kilimpunguza na sasa anataka kusomea mitambo ya kupoza hewa. Tumekuwa marafiki.

Mwalimu wetu, Bwana Pacholski, ni wa kibarua. Anafundisha vyuo vitatu na ofisi yake ni buti ya gari. Ukiwa na swali, unamfuata nje naye anakuandikia jibu juu ya boneti. Namwelewa akiwa pale. Nikifika nyumbani nimeshasahau.

Mjukuu wako,
Rhonda

*

Iowa, 13 Oktoba 1986

Rhonda,

Mimi mzima. Goti ni lile lile.

Habari za mahali pale usiniletee, sina haja nazo. Mvua kubwa ikinyesha, maji bado yanatuama upande wa kaskazini, karibu na ile miti ya mialoni?

Leona Hinrichs

*

Illinois, 19 Oktoba 1986

Bibi mpendwa,

Nimefurahi mpaka nimemsomea Baba. Amesema mwandiko wako bado una hasira.

Ndiyo, yanatuama. Mialoni imebaki miwili na upande huo wote ni maegesho. Ikinyesha, lami inazama na watu wanapaita Ziwani. Wiki iliyopita Walt alivua viatu akavuka pekupeku, akafanya mtihani na soksi zake kazitandaza juu ya kipasha joto. Darasa zima lilinuka. Pole kwa kukuletea habari za mahali pale, lakini umeuliza mwenyewe.

Mjukuu wako,
Rhonda

*

Iowa, 27 Oktoba 1986

Rhonda,

Hali yangu ni nzuri, na sababu mojawapo ni hayo maji. Yalitutesa miaka yote, mahindi ya upande ule hayakuwahi kunifika kiunoni. Sasa ni zamu yao.

Naandika tu kwa kuwa mvua imenifungia ndani na Vernon anatazama mpira. Hao wanaosoma hapo ni watu gani hasa? Watoto wa matajiri, au wa kawaida? Mke wa huyo Walt anasemaje mumewe kukaa darasani na wasichana? Aljebra inamsaidia nini muuguzi? Udongo unaonekana popote, au wameufunika wote? Ulikuwa mweusi, ukiushika mkononi unabaki kwenye kucha mpaka Jumapili kanisani.

Usidhani nimebadilika.

Leona Hinrichs

*

Illinois, 6 Novemba 1986

Bibi mpendwa,

Natumai u mzima. Mimi mwili ni mzima, moyo sivyo.

Wanaosoma hapa ni watu wa kila namna. Kuna mama anayekuja na sare ya benki, kuna Mvietnamu mmoja aliyekuwa daktari kwao na sasa anaanza upya, kuna wavulana waliofukuzwa vyuo vikuu kwa ulevi. Mke wa Walt anasema afadhali darasani kuliko sebuleni kwake. Udongo upo kwenye bustani ya wanaosomea kilimo cha maua, na ni mweusi kweli.

Aljebra inatumika kupimia dawa. Bila kuifaulu, uuguzi hauguswi. Nimefeli mtihani wa pili, Bibi, na si kufeli kwa bahati mbaya. Ijumaa ya wiki ijayo ndiyo mwisho wa kujitoa bila kuandikiwa sifuri. Nitajitoa, na nikijitoa kwenye aljebra sioni sababu ya kubaki chuoni. Dukani wameniahidi kazi ya kutwa. Umeshinda. Sasa utaanza kupokea simu zangu.

Rhonda

*

Iowa, 10 Novemba 1986

Rhonda,

Salamu baadaye.

Nimeshinda nini? Nieleze, maana mimi sioni. Walichukua shamba langu, wakamwacha babu yako akae dirishani akitazama trekta za watu wengine mpaka akafa. Miaka yote hii nimesema mtu wangu asikanyage pale. Umekanyaga. Basi huwezi kutoka mikono mitupu, ukaniachia hasara mara mbili. Pale palitoa mahindi, palitoa shayiri, palinipa watoto wawili. Na wewe pakupe kitu. Kaa hapo mpaka ukipate. Ukifeli, rudia. Sisi tulipigwa na mvua ya mawe mwezi wa saba na mwaka uliofuata tukapanda tena, wala hakuna aliyetupigia makofi.

Nina hasira, na nakupenda. Usijitoe.

Leona Hinrichs

*

Iowa, 15 Januari 1987

Rhonda,

U mzima kweli? Theluji hapa imefika madirishani.

Krismasi imepita bila kadi yako. Nilipiga simu Jumapili. Baba yako akasema uko bafuni. Nimelielewa somo, nalo lina uchungu.

Kama ulijitoa, niambie. Sitakula mtu. Siku hizi Vernon akileta barua nakuta ni bili tu, na mimi nina maswali. Mialoni hiyo miwili, ni ile iliyokaribiana au ile ya mbali? Kahawa yenu ikoje? Na kuna moja ambalo nimeliogopa tangu mwanzo. Nyumba ilipokuwa, pana nini sasa?

Leona

*

Illinois, 22 Mei 1987

Bibi mpendwa,

Nisamehe kimya. Natumai goti limevuka baridi salama.

Nilijitoa. Barua yako ilichelewa kwa sababu ya sikukuu ya maveterani, posta ilipofungwa, ikafika Jumamosi, na mimi nilikuwa nimeshajitoa jana yake. Niliisoma nimesimama uani na koti la dukani mwilini. Niliona aibu, nikashindwa kukuandikia. Nikaogopa hata simu.

Mwezi wa kwanza nilirudi. Sikumwambia mtu, hata Baba, kwa sababu nikifeli tena nilitaka nifeli peke yangu. Nikaingia kwa Bwana Pacholski nikamkuta Walt kiti kile kile. Naye alifeli. Akasogeza begi lake nikae. "Mara ya tatu hii, binti. Kiti kimeshanizoea." Tulisoma pamoja kila siku, kwenye gari lake likiunguruma ili tupate joto. Jana matokeo yalitoka. Nimefaulu, Bibi. Walt naye kafaulu, kwa alama moja. Uuguzi naanza mwezi wa nane.

Sasa swali lako. Mimi sikujua jibu, kwa hiyo jana nilimchukua Baba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga. Mialoni ni ile iliyokaribiana. Alisimama chini yake, akageuka, akaanza kutembea, akakata maegesho, akaingia mlangoni, nami nyuma yake. Alisimama katikati ya kantini, watu wanakula chipsi kila upande. Akaonyesha dirisha ilipo mashine ya kahawa. "Mama alikuwa anasimama pale." Kisha akakaa kiti kilichokuwa karibu, akalia, na msichana mmoja akampa leso za karatasi.

Ni kantini, Bibi. Jikoni kwako kumejaa watu kutwa nzima. Kahawa yenyewe ni mbaya sana.

Mjukuu wako,
Rhonda

*

Iowa, 28 Mei 1987

Rhonda wangu,

Sisi wazima.

Nimeisoma barua yako mezani, Vernon akaniuliza nani kafa. Nimemwambia hakuna aliyekufa, kuna aliyefaulu.

Jikoni kwangu hakuna mtu aliyewahi kupewa kahawa mbaya. Vernon ananileta Jumatano. Nakuja na birika langu na pai mbili za matufaha. Nitasimama dirishani pangu, na hiyo mashine waisogeze. Mwambie baba yako aje, na Walt aje na mkewe. Wewe utakaa tu, umechoka na shamba.

Bibi yako,
Leona