Rimu ya Kwanza

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza kazi kwenye karakana ya mjomba. Tunarudisha rimu za magari ziwe kama mpya. Nimepewa ovaroli inayonimeza. Mjomba anaongea kwa niaba ya watu wanne; mimi nimesema "ndiyo" na "sawa" tu. Mkaza mjomba ndiye aliyekuwa msaidizi wake, mpaka goti likamgomea.
Rafu ya rangi ilikuwa vurugu, makopo makubwa na madogo yamechanganyika. Mjomba alipotoka nikayapanga kwa ukubwa. Inapendeza!

Jumanne, 5 Machi
Mteja wa leo ni mkunga. Bado kijana. Gari lake la kwanza, jeupe, rimu zimekwaruzika kingo zote. "Aliyeniuzia alikuwa anaegesha kwa kusikiliza," alisema.
Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akashindwa kuchagua. Nyeusi ya kung'aa? Itaonyesha kila alama ya kidole. Rangi ya fedha? "Hiyo ya wazee." Mjomba akamwambia wazee ndio wanaolipa, mwanangu. Mwishowe: kijivu cha mkaa, kisichong'aa. Akaniuliza naonaje.
Nilikuwa na jibu — kijivu kitapooza kwenye gari jeupe. Nikaangalia viatu vyangu, nikasema ni nzuri.

Alhamisi, 7 Machi
Mjomba hupuliza rangi rimu moja kwanza, huitundika kwa waya, mteja aione. Akikubali ndipo tatu zifuate. Leo nimerudi kutoka kumwaga maji ya msasa, naikuta inaning'inia. Ya kijani! Kijani kilichofifia, kama turubai kuukuu. Mjomba anaizunguka, anapiga mluzi. "Umekiona kijivu hicho? Kimetulia."
Nilidhani ananitania. Bahati nzuri sikucheka.
Nyumbani nikamuuliza mkaza mjomba, kwa kuzungukazunguka. Akaacha kukunja nguo. "Umegusa makopo?"
Ndiyo. Akashika kichwa.
Macho ya mjomba hayatenganishi kijani na kijivu. Tangu azaliwe. Anajua kopo kwa mahali lilipo: la kijivu ni la tatu kutoka mlangoni, la kijani rafu ya chini. Mkaza mjomba ndiye aliyempangia, na hakuna mteja hata mmoja anayejua. "Wakijua, nani atamletea gari? Fundi wa rangi asiyeona rangi! Watamcheka mpaka afunge mlango."
Nitamwambia mjomba asubuhi. Kabla mkunga hajaja.

Ijumaa, 8 Machi
Mkunga amewahi. Ametoka zamu moja kwa moja, hata viatu vya wodini hajavua. Mimi nilikuwa bado nafunga vifungo vya ovaroli.
"Fundi, hiki ndicho kijivu?"
"Kijivu chenyewe, mwanangu!" Kwa fahari kabisa.
Mkunga akaitazama rimu, akamtazama mjomba, akairudia rimu. Akaanza kucheka, halafu akaacha. Aliinamisha kichwa, anamchunguza mjomba machoni kama anayemchunguza mgonjwa. Swali lilikuwa limeshafika mdomoni mwake.
Nikasikia sauti — yangu! — ikisema ni kijani. Kwamba nimebadilisha mimi, nilimpa mjomba kopo jingine bila kumwambia, kwa sababu kijivu kingepooza kwenye gari jeupe.
Mkunga akanigeukia.
"Wewe?" mkunga akasema. "Jumanne si ulikuwa unaongea na viatu?"
Mjomba alikwenda kwenye rafu, akasimama mbele yake, mikono nyuma. Alinyoosha mkono kuelekea kopo moja. Akaurudisha.
Sasa mkunga ameiegemeza rimu kwenye gari. Anarudi nyuma, anafumba jicho moja. Anasema kijivu chake kirudi. Anasema hapana, ngoja kwanza. Kijani hiki kina kitu. Ameomba isogezwe juani.
Mimi nimejibanza stoo na kalamu. Sijui kama mjomba amekasirika. Ameniita, kwa sauti ya chini nisiyoizoea: nije nimtajie makopo, moja moja, kuanzia mlangoni.