Breki Hakuna

Jumamosi, 4 Machi

Masikio bado yanalia. Nimeingia ndani, mama yuko sebuleni, akauliza darasa lilikuwaje. Nikasema zuri. Akasema neno jingine — niliona midomo tu inacheza. Nikajibu "ndiyo mama" kwa kubahatisha. Kumbe aliuliza nani kamaliza sukari!

Leo bendi walipiga saa nzima na robo bila kupumua. Gereji ilijaa. Watu arobaini na kitu, wengine juu ya matairi, mmoja kakalia boneti ya gari lisilo na injini. Jumamosi Fundi anafunga kazi saa saba mchana. Anasogeza magari, anamwaga unga wa mbao juu ya oili, alafu anatuachia. Mwenyewe anakaa mlangoni na pamba masikioni. Ukimuuliza kama anaupenda huu muziki, anasema haupendi, ila injini mbovu kaizoea.

Kucha aliimba mpaka sauti ikakatika. Jina hilo ni la kazi yake — wiki nzima anapaka watu kucha saluni, zake zimekwisha kwa gitaa. Muuguzi kwenye ngoma. Katoka wodini asubuhi, hajalala, na bado anapiga kama mtu anayevunja mlango nyumba inaungua. Kinyozi na besi yake, kimya, macho chini.

Jina la bendi bado linanichekesha. Kibao cha Fundi cha wateja: BREKI HAKUNA MPAKA JUMATANO. Maneno ya mwisho yalifutika kwa moshi. Wao wakachukua yaliyobaki.

Mimi sipigi kitu. Nina miaka thelathini na tatu, naandika. Natoa jarida la kurasa nane la panki, muziki huuhuu wa makelele, linaitwa Moshi wa Nyuma, wala siweki jina langu. Na siwezi kusimama mahali pamoja. Mara karibu na spika, mara nje, mara ndani tena. Kucha anasema niko kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Darasa la kompyuta! Miaka miwili ya darasa la kompyuta kila Jumamosi. Saa hizi ningekuwa nimesharusha roketi.

Jumatatu, 6 Machi

Duka la fotokopi. Vyeti, vitambulisho, vyeti. Mashine ya pili inameza karatasi. Mguu wangu ulikuwa unacheza chini ya kaunta, mteja mmoja akauliza kwa upole kama nahitaji kwenda chooni, yeye atasubiri.

Karatasi zilizoharibika upande mmoja huwa bosi anasema nizitupe. Sizitupi. Namba tisa ya jarida imetoka leo, nakala hamsini, mgongoni zina nusu ya vyeti vya watu.

Jioni mama karudi kutoka kikao cha kamati ya wakazi. Yeye ndiye mwenyekiti, tangu alipostaafu ualimu. Hajavua hata viatu: wakazi wamechoka na makelele ya gereji. Kila Jumamosi! Kuna barua ya kupiga chapa. Akasema kwa vile mimi nina mkono mwepesi, na hiyo kompyuta ninayosomea —

Nikasema sawa. Ulimi ulitangulia, kichwa kikafuata nyuma.

Jumanne, 7 Machi

Nimeipiga chapa. Kazini, wakati wa chakula cha mchana, mlango nimeurudishia.

Barua haina kosa hata moja. Mama hakosei. Ilikuwa rahisi kuichukia mpaka aya ya tatu. Aya ya tatu inamtaja mzee anayeumwa, nyumba ya nyuma ya gereji, ambaye ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa gereji. Ukuta uleule! Mimi huwa naegemea hapo, maana sauti inakuja vizuri, unaisikia mgongoni.

Miaka miwili sijawahi kujiuliza upande wa pili kuna nini.

Alhamisi, 9 Machi

Sahihi sitini na moja. Mama kazunguka nyumba kwa nyumba, miguu imevimba. Mkutano Jumamosi ijayo, tarehe 18, saa tisa alasiri, palepale gereji. Kura zikisema muziki usimame, Fundi kasema atausimamisha. Ni mtu wa majirani, hawezi kugombana na mtaa mzima.

Sikai. Nimepanga nguo kabatini mara mbili.

Jumamosi, 11 Machi

Nimemwambia Kucha. Sikupanga. Alikuwa ameshika barua, anaisoma kwa sauti ya dharau, na kila mtu anacheka, alafu akasema aliyeipiga chapa hii lazima ana moyo wa jiwe, tazama ilivyopendeza.

Nikasema ni mimi.

Nikasema na mwenyekiti ni mama yangu.

 Kinyozi ndiye aliyecheka kwanza — sikujua kama ana kicheko! Kucha hakucheka. Akaniuliza niko upande gani. Nikasema sijui, mimi nipo katikati, naumia huku na huku. Akasema katikati ya barabara ndiko wanakogongwa watu.

Tena leo ndiyo wameutoa wimbo mpya. Kucha kauokota kwenye jarida langu namba nane, ile habari niliyoandika kuhusu nyumbani kwetu bila kusema ni kwetu. Wameuita Daftari Safi. *Nyumba yetu haina vumbi, haina kelele, haina kosa — mimi ndiye kosa pekee linalotembea.* Kucha anaurudia mstari huo mara sita, anapanda, anapanda, mpaka Muuguzi anauangusha wote chini kwa ngoma. Nywele zilinisimama. Watu wazima waliimba wakiwa wamefumba macho. Maneno yangu!

Nilitoka nje. Nikarudi. Nikatoka tena.

Jumapili, 12 Machi

Mama ameokota Moshi wa Nyuma namba tisa, ilikuwa imetupwa karibu na geti la gereji. Ushahidi, anasema. Kavaa miwani, kaniita nisikilize.

Akasoma. Kwa sauti! Ile sauti yake ya darasani, kila herufi mahali pake. Habari yangu ya Muuguzi, jinsi anavyotoka wodini ambako mtu kafariki mikononi mwake, anapita moja kwa moja kwenye ngoma bila kula. Sijawahi kuyasikia maneno yangu nje ya kichwa changu. Yalikuwa na urefu. Yalikuwa na pumzi.

Alipomaliza akarudi ukurasa wa kwanza. Akasema huyu anajua kuandika, ila hana adabu na tahajia. Akafungua kalamu nyekundu.

Nilisema naenda kufua. Hakukuwa na nguo chafu.

Jumatano, 15 Machi

Anajua.

Tulikuwa tunakula. Nikamwomba chumvi. Akaisogeza bila kuniangalia.

"Halafu ina h," akasema.

"Nini mama?"

"Halafu. Inaanza na h. Umelikosea mara kumi na nne kwenye kurasa nane. Nimefundisha miaka thelathini na sita, mwanangu. Watoto wote hao, ni mmoja tu aliyenishinda kwa neno hilo."

Chumvi mkononi. Sikujua niiweke wapi.

"Unajua tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Na kompyuta?"

"Mlango wa hilo darasa siujui uko upande gani, na wewe huujui."

Nilidhani atacheka. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. Akasema kelele ni kelele, mtu anaziba masikio. Lakini yeye kila Jumamosi alikuwa anawaambia majirani, binti yangu yuko masomoni. Wakimuuliza mbona binti yako haolewi, anajibu, anasoma. Mbona hahami, anasoma. "Wewe ulinipa uongo, mimi nikauvaa kama kitenge kipya, nikatembea nao mtaani."

Kisha akainuka, akaosha sahani yake, yangu akaiacha. Hajawahi kuacha sahani maishani mwake.

Alhamisi, 16 Machi

Hasemi nami, ila asubuhi kaniachia karatasi mezani. Mstari mmoja: Kabla ya mkutano nenda kamwone mzee. Bila salamu, bila jina. Nukta ipo.

Nimekwenda baada ya kazi. Nilimpitia Muuguzi, peke yangu nilikuwa naogopa. Mke wa mzee alitufungulia. Mama mdogo wa umbo, mikono ina nguvu. Hakutufukuza. Ningependa angetufukuza.

Chumba ni kidogo, kisafi, dawa zimepangwa dirishani. Mzee amelala ubavu. Kila Jumamosi, mke wake anasema, saa saba na nusu wanamhamishia jikoni. Yeye na binamu yake wanambeba na godoro. Jikoni kuna joto, lakini ukuta hautetemeki. Saa kumi na moja wanamrudisha. Alikuwa anatueleza tu, kama mtu anayesema basi linapita saa ngapi.

Nikasema pole, mama. Akaniuliza pole ya nini, mimi ndiye ninayepiga? Nikasema hapana. Akasema basi.

Muuguzi yeye hakusema pole. Alimshika mzee mkono, akaangalia mgongo wake, akamwonyesha yule mama namna ya kumgeuza bila kuuumiza mgongo wake mwenyewe. Mzee akasema jambo, sauti kama karatasi. Nilidhani analalamika. Alikuwa anauliza ile ngoma kubwa anaipiga nani. Muuguzi akasema mimi. Mzee akamtazama kwa muda mrefu, halafu — nimeandika h! — akasema, "Unanivunja mifupa, binti."

Kurudi, Muuguzi alitembea haraka mbele yangu. Mimi niliongea njia nzima, sijui hata nilisema nini.

Ijumaa, 17 Machi

Tumehamisha ngoma. Zimekwenda upande wa barabara. Fundi katoa viti vya magari mabovu, kumi na vitatu, tumevipanga ukutani mpaka juu, tumevifunga kwa nyaya. Magodoro matatu ya Kinyozi. Muuguzi akaenda kwa mzee kusikiliza, Kucha akapiga gitaa. Akarudi. Sauti imepungua, anasema. Haijakwisha. Imepungua.

Kucha kakasirika kidogo. Anasema panki iliyofungwa magodoro si panki. Muuguzi akamjibu, nenda wewe ukambebe mzee mpaka jikoni kesho, halafu uniimbie uasi. Kucha akashika nyaya, akaendelea kufunga.

Mama bado. Leo kaosha sahani yangu.

Jumamosi, 18 Machi

Saa tisa na dakika ishirini. Naandika hapahapa gereji, nimechuchumaa nyuma ya gari jeupe lililoinuliwa kwa jeki. Siwezi kungoja nyumbani. Nisipoandika mikono itafanya jambo jingine.

Wamekuja wengi. Viti vya plastiki, mistari sita. Wazee wamekunja mikono, wanawake wameshika nakala za barua yangu — ya mama. Wafuasi wa bendi wamesimama pembeni, nguo nyeusi, kimya, kama wamekuja kumchumbia mtu. Mke wa mzee kakaa karibu na mlango.

Mama kafungua mkutano. Hakuhitaji maiki. Mtu akadakia kwamba ya nini kupoteza muda, tunyooshe mikono twende zetu, sahihi zipo sitini na moja. Watu wakaitikia. Mama akangoja mpaka wakanyamaza. Anajua kungoja, amengoja madarasa mangapi!

"Sijawahi kusahihisha mtihani ambao sijausoma," akasema. "Wapige mmoja. Mmoja tu, mpaka mwisho. Kisha tutanyoosha mikono."

Minong'ono. Mwingine akasema mwenyekiti kageuka. Mama akamtazama tu. Akakaa.

Kucha kanifuata huku nyuma sasa hivi. Jasho. Kachuchumaa nami kama tunakwepa polisi. Akasema mmoja tu, wewe sema. Tukipiga ule wimbo wetu wa mvua, ni mwepesi, wazee watatikisa kichwa, labda tutapona. Tukipiga Daftari Safi —

Hakumalizia. Anajua ni wa nani.

Mama hajausoma ule. Namba nane hakuiokota. Atausikia mbele ya mtaa mzima, na atajua kwa mstari wa kwanza. Hauna hata *halafu* ndani yake, lakini atajua.

Nikamuuliza Kucha yeye angepiga upi. Akasema yeye ameshauimba mwezi mzima saluni akipaka watu kucha, swali si lake.

Uongo wa pili nisimvalishe tena. Nimesema Daftari Safi.

Kaondoka! Anaunganisha waya.  Nimeinuka nichungulie juu ya boneti.

Mama yuko mstari wa mbele kabisa, katikati, mgongo umenyooka. Viti vyote vimejaa, kuna watu wamesimama. Ila kiti cha kando yake kitupu. Kaweka mkoba wake juu. Mwanamke mmoja kaja kuomba akae, mama katikisa kichwa, akasema kuna mtu. Na sasa anageuka. Anatafuta. Anatazama mlangoni, anatazama kwenye matairi, bado hajafika huku.

Wimbo unaanza na neno "mama".

Kucha kashika maiki. Muuguzi kainua vijiti. Kati yangu na kile kiti kuna hatua kama kumi, nyaya chini, nisijikwae. Mama kaniona. Anauondoa mkoba kwenye kiti, anauweka mapajani —

Moja — mbili —