Salamu za Gasana

Gatsata, Kigali
9 Februari 2025

Kwako mwanangu Libère,

Mama yako ni mzima, nakula, nalala, mguu tu ndio unanisumbua asubuhi kukiwa na baridi. Wewe je? Hapo ndipo kalamu inaposimama. Sisi nasema hatujambo, wewe sijui niseme nini. Unakula nini huko Dar es Salaam? Kifua kinalikubali joto la huko? Namba yako ya simu sasa ni ya mwanamke mmoja wa Tanga. Nilimpigia na kumpigia mpaka akaniambia, "Mama, mimi si mwanao, lakini nakuombea."

Barua hii anakuletea Lusekelo, dereva wa lori, huwa anakula mgahawani kwangu akishashusha mzigo kwenye maghala ya Masoro. Aliposema kuna fundi wa Kinyarwanda kule gereji za mtaa wa Gerezani anaitwa Libère, sahani iliniponyoka, wateja wakanicheka. Naandika kwa Kiswahili cha darasa langu la nne la Karagwe. Kinyarwanda nakisema tu, kukiandika kinanishinda, unajua.

Mwanangu, Vestine anaolewa. Mchumba anaitwa Mugenzi, watu wao ni wa Kicukiro, karibu na Sonatubes. Wanakuja kuposa Mei, harusi ni Julai. Baba yenu hayupo. Siku hiyo upande wetu atakaa nani? Nataka wanangu wa kiume wakae wawili, kiti kwa kiti, wakwe wawaone. Ombi langu ni hilo tu.

Kaka yako Gasana anakusalimu sana. Tangu alipokufukuza gereji amepungukiwa maneno. Gari la baba yenu bado analo, lile jeusi lenye supachaja, anataka limbebe bibi harusi. Kwenye tambarare linateleza kama maji. Likianza kupanda kutoka Nyabugogo kwenda mjini linakohoa, linatikisika, linanuka petroli. Juzi alikaa hapa jikoni akasema, "Libère angekuwepo angejua." Kasema mwenyewe. Basi kama unajua, tuambie.

Vestine naye anakusalimu, anasema bila wewe nani atamtania.

Ni mimi mama yako,
Athanasie


Dar es Salaam
2 Machi 2025

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo, kifua hakijambo, nakula kwa mama ntilie, si kama kwako. Nisamehe kwa namba ya simu. Sikutaka Gasana anipate, nikajikuta na wewe nimekunyima.

Barua nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Gasana alisema hivyo? Gasana huyu huyu? Mama, ulikuwepo. Alisimama mbele ya mafundi wote wa Gatsata akasema nimeliua gari la marehemu, akautupa mfuko wangu wa spana barabarani. Sasa anasema ningejua. Haya, najua.

Sikuliua. Nilibadilisha puli ya supachaja, nikaweka ndogo ili izunguke kwa kasi, isukume hewa nyingi zaidi kwenye injini. Kosa langu niliishia hapo. Hewa ikisongamana ndani ya silinda, cheche ya plagi haiwezi kuuruka mwanya mpana. Ni kama wewe unapowasha kiberiti mlangoni na upepo unavuma. Kiberiti ni kizima, moto haushiki. Mlimani ndiko supachaja inakosukuma kwa nguvu zote, ndiyo maana huko linakohoa. Dawa yake ni vitu viwili kwa pamoja: koili zenye nguvu kuliko zile za zamani, na plagi zenye mwanya mdogo. Nilitaka kumweleza siku ile, akanipa mgongo.

Lusekelo anakuletea koili na plagi za silinda zote. Mwanya nimeufunga mwenyewe, plagi moja baada ya nyingine, nikapima kwa geji. Mwambie Gasana hivi: kitabu cha gari kitamwonyesha mwanya mpana zaidi, asikifuate, kitabu hakiijui puli yangu. Asiguse. Akiupanua, mlimani moto utazimika tena, na koili zitaungua, maana umeme ukikosa pa kurukia unatafuta pengine. Mwambie vimetoka kwangu, na mimi ndiye niliyesema asiguse.

Msalimie. Naona ajabu kuliandika neno hili.

Mwanao,
Libère


Gatsata
23 Machi 2025

Mwanangu Libère,

Marahaba baba, marahaba. Hapa ni wazima, mvua inanyesha mpaka jikoni, mguu nimeupaka mafuta ya kondoo. Furaha imenifanya nimtilie Lusekelo nyama mpaka akauliza kuna sikukuu gani.

Mzigo umefika, hakuna kilichovunjika. Nilipompa Gasana alinitazama akasema, "Mama, umeanza ufundi?" Tukacheka sana. Lini mara ya mwisho nilimsikia akicheka? Amevifunga Jumapili baada ya misa, gari likaunguruma mpaka jirani Benon akatoka na kijiko mkononi. Amelipeleka mpaka Sonatubes na kurudi kwa barabara ya tambarare, anasema halijawahi kuwa jepesi hivi. Ujumbe wako wa kutogusa nimeufikisha.

Anasema asante sana mdogo wangu, Mungu akuzidishie. Anasema yaliyopita yamepita.

Je, utakuja? Usinijibu na labda. Labda imeniotesha mvi.

Mama yako,
Athanasie


Dar es Salaam
27 Aprili 2025

Shikamoo Mama mpenzi,

Natumaini mguu umepata nafuu na mwezi huu mzito wa kumbukumbu umeupita salama. Mimi ni mzima kweli kweli, siyo kwa kuandika tu.

Nitakuja. Posa sitaiwahi, kuna injini nimeifungua na siwezi kuiacha, lakini harusini nitakuwepo. Nimeshashona suti. Mafundi wenzangu wananiita shemeji wa watu kabla sijawa shemeji. Barua yako nimewasomea, ile ya yaliyopita yamepita. Mzee mmoja wa hapa akasema, kaka anayesema hivyo usimwache asubiri.

Nina ombi moja. Mwambie Gasana aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake. Hata "njoo" peke yake. Nataka nije nikiwa na karatasi yake mfukoni.

Na lile gari alipandishe mlima likiwa na watu ndani, asiishie barabara ya tambarare. Nataka kusikia lilivyopanda.

Mwanao anayekuja,
Libère


Gatsata
1 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Tumeamka salama, nawe uwe umeamka hivyo hivyo.

Posa imekwenda vizuri. Wazee wao wanajua kusema, wakaahidi ng'ombe wa mahari kwa maneno ya utani mpaka tukachoka kucheka. Kiti chako niliweka mkoba wangu mtu asikalie. Mama yake Mugenzi akauliza cha nani, nikasema cha mwanangu, yuko njiani.

Gasana mikono yake ni grisi asubuhi hadi jioni, karatasi akiigusa inaharibika, unamjua. Nilimwambia, akasema, "Mwambie tu aje." Basi ndiyo hiyo, njoo. Gari analipiga rangi, mlimani atalipeleka akimaliza. Wewe njoo tu, mengine mtayaongea mkiwa mmekaa. Mtu akishakaa nyumbani kwao maneno yanajipanga yenyewe.

Usichelewe mpakani Rusumo, beba kitambulisho.

Mama yako anayekusubiri,
Athanasie


Dar es Salaam
20 Julai 2025

Mama, shikamoo.

Nimefika salama. Sikukuaga, kwa hiyo nakuandikia. Ulikuwa gari la mbele na wakwe, kuna mambo hukuyaona.

Nilipofika asubuhi ya harusi Gasana alikuwa getini anafunga maua kwenye boneti. Nikamwita, "Kaka!" Hakunipa mkono. Akasema, "Nani kakuita?" Mimi nikacheka, Mama. Nilidhani ananitania. Nikamwambia, "Si wewe?" Akaniangalia kama mtu aliyekosea nyumba, akaingia ndani.

Nikasema labda ni haya, labda ni watu. Nikaufuata msafara kwa pikipiki. Pale mlima wa Nyabugogo unapokaza, gari lina Vestine na wasichana wake wote, likaanza kukohoa. Kisha likasimama, honi nyuma yake barabara nzima. Vestine alishuka viatu mkononi, gauni amelikusanya kifuani, akapanda basi la wakwe. Shangazi yake Mugenzi akasema kwa sauti, "Huyu bibi harusi au abiria?" Watu wakacheka.

Nilifungua boneti kwa mazoea. Koili ya kwanza inanuka, imeungua. Nikachomoa plagi. Mwanya umepanuliwa. Nikamwambia, "Kaka, si nilisema usiguse?" Akasema, "Ulisema lini? Ulimwambia nani? Hizi Mama kanunua dukani, muuzaji alikosea, nikazirekebisha kama kitabu kinavyosema."

Tukatazamana. Nadhani ndiyo mara pekee mimi na Gasana tumeelewa jambo kwa wakati mmoja.

Halafu akageukia ndugu za Mugenzi akasema, "Mnamwona huyu? Gari la baba analiua mara ya pili. Safari hii kamtuma mama mzazi." Nikaondoka.

Kumbe kwake mzigo ulitoka dukani, na kwangu salamu zilitoka kwake. Laiti ungemwambia tu koili ni za Libère! Angezitupa. Angezitupa, Mama, na Vestine angepanda gari jingine zima mpaka kanisani.

Sililii gari. Nijibu hili tu. Katika yote uliyoniandikia kwa jina la Gasana, lipo hata neno moja alilolisema?

Libère


Gatsata
17 Agosti 2025

Mwanangu Libère,

Marahaba. Sitauliza hali, najua.

Hakuna. Hata moja. "Umeanza ufundi" ndilo alilosema, na alikuwa ananicheka mimi.

Lakini nisikilize. Mimi nimekulia kwenye barua. Baba yangu akiwaandikia ndugu zake alisalimia kwa majina ya watu wote wa nyumbani, waliolala, waliosafiri, hata mjomba aliyekuwa hasemi naye. Hakuna aliyeuliza kama kweli wamesema. Barua isiyo na salamu za wenzio ni ya msiba. Kwa hiyo ya kwanza niliiandika kwa mkono uliozoea. Zilizofuata nilizitunga, nikijua. Kama ningesema vimetoka kwako asingevipokea, na wewe bila neno lake usingekuja. Nikaona niseme kwa ajili yenu wote wawili, mpaka siku mtakapokuja kusema wenyewe. Mama gani angekaa kimya?

Sasa sikia la leo. Tangu harusi Gasana alikuwa hamsemeshi hata paka. Wiki hii akatafuta koili nyingine kama ile iliyoungua, akazifunga mwanya plagi zako, akajaza gari magiaboksi mabovu liwe zito, akapanda nalo Nyabugogo. Akashuka, akapanda tena. Benon alikuwa naye, muulize Lusekelo, amemsikia Benon akisimulia. Halikukohoa. Aliporudi hakunawa mikono, akakaa jikoni, chai ikapoa. Kisha akasema, "Alikuwa sahihi. Mwambie arudi."

Nikamwambia, Gasana, andika wewe, mimi sitaaminiwa. Nikamletea karatasi. Akaisukuma. "Mwandishi si wewe? Ulipoandika nisiyoyasema hukuniomba kalamu." Akatoka.

Basi naandika mimi. Nimeandika alichosema, nimekiangalia. Maneno ni kama yale ya Februari, mwandiko ni uleule. Sijui la kweli linaandikwaje ili lionekane. Kama kuna namna, fundi wewe, niambie.

Lusekelo anasema ulimkataza barua zangu. Nimemwomba kwa jina la mama yake, amekubali hii.

Mama yako,
Athanasie


Gatsata
5 Oktoba 2025

Mwanangu Libère,

Lusekelo amenirudishia bahasha ya Agosti, haijafunguliwa. Kanieleza kwamba uliishika, ukamuuliza, "Ina salamu za Gasana?" akasema labda, ukamrudishia.

Hii nimemwambia akueleze tangu mlangoni kwamba haina salamu za mtu. Naandika kwa kifupi upate kuimaliza. Mvua zimeanza. Vestine ni mjamzito, anatapika lakini anakula. Mimi ni mzima.

Hapa nyumbani hakuna aliyesema kitu.

Mama yako,
Athanasie