Herufi Iliyokosekana Msalabani

Mwalimu wangu,

Nakuandikia nikiwa ofisi ya walimu hapa Mungaa. Madaftari ya Kidato cha Tatu yapo mbele yangu na sijafungua hata moja. Nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Tangu uondoke, vipindi vyako vyote vya Kiingereza vimekuwa vyangu, maana mwalimu mwingine hatujaletewa. Upepo wa kiangazi unapiga mabati kutwa, nafundisha kwa kupaza sauti, ikifika saa nane koo limekwisha.

Nataka kukueleza habari ya msalaba wako. Mkeo, Mama Neema, anaijua, lakini haikunitoka moyoni kwa kumwambia yeye peke yake. Inabidi uisikie wewe.

Nianzie siku ile ya ofisini. Nilikuwa na muhula mmoja tu tangu nitoke chuoni, nimerudi kufundisha shule ileile uliyonifundisha. Ulikuwa umeandika ubaoni "holier than thou" ukiwaeleza wanafunzi kwamba ni usemi wa mtu anayejiona mwema kuliko wenzake. Nilikufuata ofisini, nikasema mbele ya walimu wote, "Mwalimu Chilewa, hayo maneno yamekufa. Watoto hawa hata 'you' inawashinda, wewe unawapa 'thou'?" Walimu wakacheka. Ukafunga kitabu cha mahudhurio taratibu ukasema, "Sawa, mwalimu Zaituni." Miaka yote uliniita Zaituni tu. Siku ile ukaniita mwalimu, na nikajua nimekuumiza.

Sikuomba radhi. Nilisema kesho, halafu likizo ikaingia, halafu ukaanza kuumwa. Nilipokuja kukuona tuliongelea alizeti na mvua. Uliniuliza kama wanafunzi hawajambo, nikajibu hawajambo. Nikaaga.

Ulipofariki, Mama Neema aliniita jikoni kwake. Akasema, "Alitaka msalabani paandikwe maneno matatu ya Kiingereza. Alisema Zaituni atayajua." Akanipa kipande cha karatasi chenye mwandiko wako unaotetemeka: Fare thee well. Nikaisoma tena. Ungeweza kumpa mtu mwingine yeyote.

Fundi wa misalaba ya saruji tulimpata Mkiwa, pale njia panda. Sikwenda. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nilikuwa na mitihani ya majaribio ya kusahihisha, nikampigia simu. Nikamtajia herufi mojamoja. Mtandao ukakatika, akapiga tena. "Mwalimu, hapo katikati umesema E mbili. Umerudia au ndivyo ilivyo?" Darasa lilikuwa linanisubiri, kelele zimejaa. Nikamwambia, "Andika inavyotakiwa, fundi, wewe si umezoea?" Nikakata simu.

Siku ya kuweka msalaba watu walijaa pale shambani kwako. Kitambaa kilipoondolewa nikasoma: FARE THE WELL. Mchungaji akayasoma maneno kwa sauti kubwa, watu wakaitikia amina. Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyeshtuka. Mwanao Neema angejua, lakini alikuwa analia. Nikasema moyoni, basi, nani atajua? Nikanyamaza, nikala pilau, nikarudi nyumbani.

Lakini wewe, Mwalimu, umelala kando ya njia ya kisimani, na kila asubuhi wanafunzi wako hupita hapo na ndoo. Wiki ya tatu, kipindi cha Kidato cha Tatu B, Upendo alinyoosha mkono. Unamkumbuka Upendo, yule binti mrefu anayekaa dirishani na hakubali kitu mpaka aelewe. Akauliza, "Mwalimu, kwa nini kaburi la Mwalimu Chilewa limeandikwa nauli ya kisima?"

Darasa zima likaangua kicheko. Na kweli, kwa Kiingereza nilichowafundisha mimi, fare ni nauli, well ni kisima. Walikuwa wamesoma sawasawa. Nikawaambia, "Fundi alikosea," nikageukia ubao ili wasinione uso. Alikosea fundi. Yule mtu aliyepiga simu tena kuuliza.

Upendo hakutosheka. Akauliza, "Ilitakiwa iandikweje?" Ndipo nikajikuta nafundisha somo lako, Mwalimu, nililolisema limekufa. Nikawaeleza kama ulivyotueleza sisi. Kwamba zamani Waingereza walikuwa na neno la mtu mmoja, thou, au thee akiwa ni wa kutendewa, na walikuwa na ye na you kwa watu wengi. Nikawapa ule mfano wako wa salamu za kwenu Kilimatinde, mbukwa kwa mmoja, mbukwenyi kwa wengi. Ulikuwa unatuambia: fikirini watu waanze kumwambia mkubwa mmoja mbukwenyi, kwa heshima. Kesho wamwambie mwenye duka, keshokutwa jirani, maana hakuna anayetaka kuonekana amemdharau mwenzake. Mwishowe ile ya mtu mmoja inabaki kwa watoto, kwa wapenzi, kwa Mungu, na kwa mtu unayemtukana. Kisha inapotea. Nikawauliza, mtu mzima akikwambia "we!" barabarani unajisikiaje? Wakacheka, wakaelewa.

Nikawaambia ilibaki kwenye semi tu, watu wanaitamka bila kujua wameshika nini. Na kwamba fare pale si nauli bali ni kusafiri, kwa lugha yao ya zamani, na nauli ilitokea humohumo. Safiri salama, wewe. Nikawaeleza pia lile la mabango ya maduka yao yanayojidai ya kale, "ye olde", kwamba ye ile si ninyi hata kidogo. Ni the, iliyoandikwa kwa herufi ambayo wenyewe waliisahau wakaiona kama y. Ulipenda sana hilo. Ulisema hata wenye lugha hupotea kwao.

Kengele ilipolia hakuna aliyeinuka. Nilikaa kwenye kiti nikaona aibu isiyo na mfano.

Jioni hiyo nikaenda kwa Mama Neema, nikamkuta anapepeta mtama. Nikamwambia yote: simu, E ya pili, kunyamaza kwangu siku ya msalaba, na yale niliyokutamkia ofisini. Hakusimamisha ungo. Alipomaliza akasema, "Alinisimulia ile ya ofisini. Alisema mtoto amekuwa mwalimu, na walimu lazima wabishane. Mimi ndiye niliyekasirika, siyo yeye." Kisha akasema, "Nenda kamlete fundi."

Nikaenda Mkiwa mwenyewe. Fundi alinisikiliza, akaifuta mikono yake kwenye suruali, akasema, "Nilikuuliza, mwalimu." Nikajibu, "Uliniuliza. Kosa ni langu." Jumamosi akaja na patasi na ndoo ya saruji, akauziba mstari mzima, akausawazisha, akaandika upya kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Mara hii nilisimama nyuma yake na karatasi yako mkononi mpaka herufi ya mwisho.

Alipoondoka, Mama Neema akatoka ndani akasimama mbele ya msalaba. Akaniuliza, "Hili neno lililotuhangaisha ni nini hasa?" Nikamwambia ni wewe. Wewe wa mtu mmoja tu, wa karibu, ambaye humwekei heshima ya mbali.

Akasema, "Mimi huyu sijawahi kumwita wewe. Tangu mtoto azaliwe ni Baba Neema. Kabla ya hapo nilimwita Mwalimu, kama ninyi." Akainama, akapangusa vumbi la saruji lililodondokea maua, kwa ncha ya khanga. Akasema jambo kwa Kinyaturu, chinichini, sikulidaka. Halafu kwa Kiswahili, kama anayejaribu kiatu kipya, akasema, "Wewe. Pumzika basi."

Nikaondoka nikamwacha hapo.

Mwalimu, radhi niliyoichelewesha ndiyo hii. Najua haijibiwi. Nilidhani kazi yetu ni kuwapitisha watoto kwenye mtihani, na bado nadhani hivyo siku nyingi, hasa siku kama ya leo. Lakini kile kipindi ndicho pekee mwaka huu ambacho hakuna aliyetazama nje.

Safari njema, Mwalimu. Kesho kipindi cha kwanza nina Kidato cha Tatu B. Bado wanaamini fundi ndiye aliyekosea. Nakuahidi, kabla sijashika chaki, nitawaambia kosa lilikuwa langu.

Mwanafunzi wako,
Zaituni