Baba Mdogo Hataki Niitwe Yatima

Wewe baba mdogo wa kijana huyu, najua gazeti hili linafika Kinyala, kwa hiyo naanza na wewe. Huna haya. Mtu akikalishwa kwenye kiti cha marehemu anapokea na watoto, na njaa yao, na shule yao. Wewe umepokea chai na ng'ombe, basi, ukafunga mlango. Jina lako sijaliandika, lakini majirani zako hawalihitaji.

Wengine someni alichoniandikia kijana.

*Mpendwa Bibi Tulinagwe, shikamoo. Naomba unisaidie na jina langu ulifiche, maana nimefika mahali sijui nielekee wapi. Bibi, mimi nilimaliza diploma ya ufundi umeme Mbeya na nilifaulu vizuri, baba ndiye aliyenisomesha kwa chai na maziwa, na siku niliyomletea matokeo alisema sasa vuka, nenda kachukue digrii ya uhandisi, mimi mgongo bado ninao, kumbe mgongo hakuwa nao, alikuwa anaumwa anatuficha, akalazwa hospitali na hakurudi. Matanga yalipokwisha wazee wakamkalisha mdogo wake kwenye nafasi yake wakasema huyu ndiye baba yenu, kama ilivyo desturi yetu, nikainama nikamsalimia kama baba.*

*Chuo cha serikali kilinipokea, karo yake ni nafuu lakini kwetu hata hiyo nafuu haipo, ikabaki kuomba mkopo, nikaenda steshenari Tukuyu kujaza fomu na baba mdogo akanisindikiza. Tulipofika panapouliza kama baba yu hai nikamwambia mwenye kompyuta aandike amefariki, baba mdogo akauliza, "Yatima ni nani hapa? Mimi nimekufa?" nikasema hapana, baba, akasema, "Basi andika baba yupo, na kazi uandike ya kwangu. Mimi siwezi kutangazwa kwamba nimeshindwa kulea." Nikaandika hivyo, na yeye ni msimamizi kiwanda cha chai, ana mshahara, mkopo nikanyimwa. Nikamfuata kuhusu karo, akaniambia, "Kijana, mimi nina watoto wangu. Wewe una diploma, wenzako hata hiyo hawana." Nafasi ya chuo ikaenda. Nelson tuliyesoma naye, ambaye naye baba yake alifariki, aliandika ukweli akapata mkopo, sasa ananitumia picha za karakana ya chuo, nazifuta.*

*Sasa nabeba magunia ya majani kiwandani, kibarua, chini ya baba mdogo huyohuyo, na kila asubuhi ananiita mbele ya watu, "Injinia, njoo huku," watu wanacheka na mimi nacheka. Maombi yamefunguliwa tena. Kuna mtu wa Kyimo anayetafutia watu vyuo, ananiambia nianze digrii ya biashara chuo cha binafsi, eti ni rahisi kuingia, halafu mwaka wa pili nihamie uhandisi kimyakimya. Mama anasema nikubali hiyo au niache kabisa, kwa sababu nikiandika baba amefariki, baba mdogo ataona nimemkana mbele ya serikali, na nyumba anayokaa mama iko kwenye migomba ya ukoo, ameniambia, "Mwanangu, ukiwa injinia halafu mama yako analala kwa watu, utakuwa injinia wa nini?" Bibi, nisipokwenda mwaka huu naona sitakwenda tena, na nikisema kweli mama ataumia, nifanye nini.*

*Kijana wa Kinyala*

Marahaba, mjukuu wangu. Pole kwa baba. Barua yako nilisomewa mara mbili. Lakini sitakubembeleza.

Ulisema uongo. Usiuite utii. Uliandika kwamba baba yako yupo wakati kaburi lake liko nyuma ya migomba na udongo wake ulikuwa haujakauka. Na yule aliyekwambia uandike hakukushika mkono. Ulikuwa na mdomo, ukautumia kusema "hapana, baba".

Desturi naijua, usinifundishe. Mume wangu alipokufa, nami niliwekewa shemeji kuwa baba wa watoto. Hakuwa na mshahara, alikuwa anachunga ng'ombe za watu kule Mpuguso. Watoto wangu waliporudishwa nyumbani kwa kukosa karo, alikwenda yeye na miguu yake yenye matope kusimama mbele ya mwalimu mkuu, akasema hawa ni wangu, nipeni muda. Huyo alikuwa baba. Huyu wako ukimwuliza karo amekufa, ukimletea fomu amefufuka.

Mambo ya vyuo siyajui, mimi niliishia darasa la nne. Nikamwita mwalimu Elina, ambaye vijana wengi wa hapa hupita kwake kabla ya kuomba. Nilipomtajia yule mtu wa Kyimo akaguna. Anasema kutoka biashara kwenda uhandisi si kama kuruka mfereji. Chuo kitakuuliza sifa za kuingilia uhandisi, na wakikupokea, mara nyingi utaanza mwaka wa kwanza upya, na ile karo ya biashara imeshaliwa. Sifa unazo tayari, ni hiyo diploma yako. Omba nayo moja kwa moja, vyuo vya serikali kwanza, zaidi ya kimoja, hata kama ni mbali na ugali wa mama. Huyo wa Kyimo umpite njiani kama hujamwona.

Kuhusu mkopo, anasema unaomba upya, na safari hii useme kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyefiwa na baba huangaliwa tofauti na mwenye baba msimamizi kiwandani, lakini ni lazima awe na cheti cha kifo. Wakikuuliza mbona mwaka jana uliandika vingine, waeleze ilivyokuwa, usitunge uongo wa pili wa kufunika wa kwanza.

Siwezi kukuahidi kitu. Wapo yatima waliosema kweli wakapata nusu, wapo waliokosa kabisa. Ukikosa, kata rufaa. Ukikosa tena, toka hapo kiwandani. Una ufundi mikononi unabeba magunia ili uchekwe? Kafunge nyaya za umeme kwenye nyumba za watu, ule, uombe tena mwaka ujao.

Sasa mama yako. Mama, simcheki mwenye hofu kama yako. Nimewaona wajane wakitoka na sufuria kichwani na mtoto mgongoni, na waliowafukuza walikuwa wamekaa mbele kanisani Jumapili ile. Lakini unakosea ukidhani mwanao akinyamaza nyumba itapona. Shemeji yako akilitaka shamba atalitaka tu, awe ameheshimiwa au hakuheshimiwa. Naona hadi leo hujafungua mirathi, nadhani kwa sababu mnaogopa kuonekana mnagawana mali mapema. Ndiyo aibu yetu Wanyakyusa, tunaona haya mbele ya aliyekufa, na walio hai wanatupora. Nenda mahakama ya mwanzo ukafungue mirathi. Mchukue mchungaji aliyemzika mume wako na mwenyekiti wa kijiji, wanajua migomba ile nani aliipanda. Na huko nako watakuuliza cheti cha kifo. Umeona? Unachomkataza mwanao asikiandike ndicho unachokihitaji wewe ubaki kwenye nyumba yako.

Mjukuu wangu, baba mdogo atakasirika, hilo lipo. Pengine hatakuitikia salamu mwaka mzima, na kazi ya magunia utaipoteza siku hiyohiyo. Pengine atawaita wazee aseme umemzika akiwa hai. Wakikuita, nenda, kaa chini, uwaulize jambo moja tu: tangu matanga yaishe, huyu baba amenilipia nini? Kisha unyamaze, uwaache wao watafute jibu.

Jumatatu usiende kiwandani. Mwombe mama ile karatasi ya hospitali iliyotolewa siku baba yako alipofariki. Asipoiona, nenda hospitali ukaombe nyingine. Chukua na barua ya mtendaji wa kijiji, ushuke Tukuyu ofisi ya wilaya, uombe cheti. Lakini kabla ya kushuka, pita nyumbani kwa baba mdogo. Piga hodi, inama, msalimie kama ulivyofundishwa. Mwambie unakwenda kuandikisha kwamba baba yako amekufa. Usimwombe ruhusa.